Nimenunua ruta mpya, mbona Wi-Fi ya chumbani bado inakwama?

Swali: "Hujambo mtaalamu. Tunakaa Donholm, ghorofa ya tatu, nyumba ya vyumba vitatu vya kulala. Mwaka jana tulivutiwa fiba, mpango wa Mbps 20. Fundi alifunga kisanduku kimoja cheupe juu ya kabati la runinga sebuleni, akaenda zake. Sebuleni mambo ni shwari. Chumba cha mwisho, ambako binti yangu husomea, video hazisongi na mikutano ya mtandaoni inakatika. Jirani akaniambia modemu ya kampuni ni dhaifu, ninunue yangu. Nikashuka mjini, Luthuli Avenue, nikauziwa ruta ya antena nne kwa shilingi 4,500. Nimeiunganisha kwa waya kwenye kile kisanduku na kuiweka kando yake. Sasa nina Wi-Fi mbili, chumbani hakuna tofauti, na printa haionekani tena kwenye laptopu. Je, niliuziwa bandia? Naweza kuondoa kisanduku cha kampuni nibaki na hii yangu? Na mbona jirani anasema modemu ilhali mimi nimeuziwa ruta?"

Jibu: Ndugu yangu, sioni dalili kwamba umeuziwa bandia. Ruta yako inafanya ilichoundiwa. Shida ni kwamba imekuta kazi hiyo tayari inafanywa na kisanduku cha kampuni, tena umeiweka palepale kisanduku kilipo. Chumba cha binti yako kiko mbali vilevile kama zamani. Hata ungenunua ya antena kumi, ukiiweka juu ya kabati lilelile la runinga, kuta zilizo katikati hazitapungua hata moja.

Tuanze na majina, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotelea. Intaneti ya nyumbani ina kazi tatu. Ya kwanza ni kupokea mawimbi yanayotoka nje, yawe ya mwanga, ya kebo au ya redio, na kuyageuza yawe kitu ambacho vifaa vyako vinaelewa. Hiyo ni kazi ya modemu. Ya pili ni kugawia vifaa vyote vya nyumba muunganisho huo mmoja na kukumbuka jibu lipi linakwenda kwa nani. Hiyo ni kazi ya ruta. Ya tatu ni kurusha Wi-Fi hewani. Watu wengi hudhani hii nayo ni ya ruta, kumbe ni kazi inayojitegemea, na kuna vifaa vinavyofanya hiyo tu. Siku hizi zote tatu hutiwa ndani ya plastiki moja, na kisanduku chako cheupe ndicho hicho: modemu, ruta na kituo cha Wi-Fi kwa pamoja. Wakenya wengi tuliijua modemu kupitia kile kijiti cha USB chenye laini ya simu, tulichokichomeka kwenye laptopu kabla fiba haijafika mitaani, na tangu hapo chochote chenye taa zinazomemeteka tunakiita modemu. Kwa hiyo sina ugomvi na jirani yako kuhusu jina. Ushauri wake ndio uliokupeleka kombo.

Sasa swali lako la kuondoa kisanduku cha kampuni: huwezi, na sababu yake inafaa uijue.

Ule waya mwembamba unaoingia nyumbani kwako haubebi umeme. Ndani yake mna uzi wa kioo, na kinachopita humo ni mwanga wa leza usioonekana kwa macho. Mwanga unaokuja kwako una urefu wa wimbi wa nanomita 1490 na unaotoka kwako nanomita 1310, ndiyo maana pande zote mbili hupita kwenye uzi mmoja bila kuvurugana. Katika mfumo uitwao GPON, unaotumika sana kwenye fiba za majumbani, uzi mmoja kutoka kwa kampuni hufika kwenye splita, kitu kidogo kinachofungwa kwenye nguzo au kwenye kijisanduku ndani ya jengo, na hapo mwanga hugawanywa kwa nyumba nyingi, mara nyingi 32 au 64. Data zako zinafika kwa majirani hao wote, ila kwa kawaida zimefungwa kwa msimbo, na kila kisanduku huchukua zilizo zake tu. Wakati wa kutuma, kila kisanduku hupangiwa zamu yake. Ili hayo yote yafanyike, kampuni lazima ikitambue kisanduku chako kwa namba yake ya pekee, ile iliyo kwenye kibandiko. Mafundi hukiita ONT. Kisichosajiliwa kwenye mitambo yao hakipewi chochote.

Isitoshe, geuza ruta yako uitazame nyuma. Hakuna tundu la kuingiza fiba. Kichwa cha waya wa fiba mara nyingi ni cha plastiki ya kijani, na ncha yake imekatwa mshazari wa digrii 8 ili mwanga unaorudi nyuma usiharibu mawasiliano. Ruta za kawaida za dukani zina matundu ya waya wa shaba peke yake. Zinahitaji mtu mwingine awe ameshaugeuza mwanga.

Niongeze kidogo kwa wengine wanaosoma. Kama unatumia kisanduku cha 4G au 5G chenye laini ya simu ndani, modemu imo humohumo na hakuna waya wa nje. Na kama uko kwenye ploti ambako mtu ameweka antena juu ya paa kisha akashusha nyaya hadi kila nyumba, kama inavyofanyika mitaa mingi ya Eastlands, kifaa kilicho nyumbani kwako huenda ni ruta tupu. Ukiwa hapo unaweza kuibadilisha upendavyo, ilimradi anayekuuzia intaneti akupe mipangilio.

Turudi kwako. Ulipochomeka ruta mpya nyuma ya kisanduku, ulipata ruta mbili zilizofuatana, kila moja ikiwa na mtandao wake. Kisanduku cha kampuni, kama ni cha Huawei, mara nyingi hutumia anwani (namba inayotambulisha kifaa kwenye mtandao) 192.168.100.1 na hugawa anwani zinazoanza hivyohivyo. Ruta yako, kama ni TP-Link kwa mfano, huenda inagawa zinazoanza na 192.168.0. Printa imebaki kwenye Wi-Fi ya zamani, laptopu imehamia mpya. Laptopu inapotafuta printa hupiga mbiu ndani ya mtandao wake tu, na mbiu hiyo haivuki ruta. Printa ni nzima. Ukitaka kuchapisha leo usiku, irudishe laptopu kwenye Wi-Fi ya zamani utaiona.

Sasa chumba cha mwisho. Nyumba zetu za Nairobi zimejengwa kwa mawe ya kuchonga ya inchi 6 au 9, na kati ya ghorofa na ghorofa kuna zege lenye nondo. Ni kuta nzuri kwa kila jambo isipokuwa Wi-Fi. Kisanduku chako pengine hurusha mawimbi ya aina mbili, ya gigahazi 2.4 na ya gigahazi 5, ingawa baadhi ya vile vya zamani vina ya 2.4 peke yake. Ya 5 yana kasi kubwa lakini hufa mapema yakikutana na jiwe. Ya 2.4 hupenya zaidi, ila kwenye jengo la ghorofa yamejaa. Hebu fungua orodha ya Wi-Fi kwenye simu yako uhesabu majina ya majirani. Kwenye 2.4 chaneli, yaani njia za hewani, zisizoingiliana ni tatu tu, 1, 6 na 11, na majina yote hayo yanagombea nafasi hizo tatu. Kioo kikubwa cha ukutani, friji, tangi la maji na bafu lenye vigae navyo hula mawimbi. Runinga yenyewe, ikiwa kisanduku kimejificha nyuma yake, ni sahani pana ya chuma inayoyakinga.

Antena nne je? Hazibadilishi mengi kwa tatizo lako. Kwanza, nguvu ya kurusha ina kikomo cha kisheria. Pili, mawasiliano ni ya pande mbili: simu ya binti yako ina antena ndogo na betri ndogo, na ruta lazima iisikie inapojibu. Mara nyingi simu inaonyesha vijiti vitatu vya Wi-Fi na bado hakuna kinachosonga, kwa sababu ruta inasikika chumbani lakini yenyewe haimsikii aliye chumbani.

Na kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Kwenye Wi-Fi, katika chaneli moja, anayezungumza kwa wakati mmoja ni mmoja. Fikiria mkutano wa chama ambamo mwanachama mmoja ana kigugumizi: haki yake ya kusema ni ile ile ya wengine, lakini dakika anazochukua ni nyingi, na wote wanangoja. Simu iliyo chumba cha mwisho, kwa kuwa mawimbi ni hafifu, hushuka hadi kasi ndogo na kurudia maneno yaliyopotea. Kwa hiyo kifaa kimoja kilicho mbali kinaweza kupunguza kasi hata ya runinga iliyo karibu kabisa na kisanduku. Watu hulaumu kampuni hapo, kumbe tatizo limo ndani ya kuta zao.

Lakini usichukue neno langu. Pima. Tafuta laptopu yenye tundu la waya, ichomeke moja kwa moja kwenye kisanduku cha kampuni, zima Wi-Fi ya laptopu, kisha fungua tovuti yoyote ya kupima kasi. Kama laptopu haina tundu hilo, simama mita moja hivi kutoka kwa kisanduku ukiwa kwenye Wi-Fi ya 5. Hakikisha hakuna mwingine anayetumia wakati huo. Pima asubuhi, na upime tena saa mbili usiku. Ukipata karibu 20 nyakati zote mbili na chumbani ukapata 2 au 3, tatizo ni la Wi-Fi na liko mikononi mwako. Ukipata 4 kwa waya, hakuna ruta ya dukani itakayokusaidia. Hilo ni la kampuni.

Hapo hapo nitoe tongotongo moja: 20 ni megabiti kwa sekunde, si megabaiti. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo faili zako hushuka kwa kama megabaiti 2.5 kwa sekunde. Filamu ya gigabaiti 1.5 itachukua kama dakika kumi hata mambo yakienda vizuri kabisa. Hujaibiwa. Na ukisikia kwamba kasi hushuka jioni kwa sababu unagawana uzi na majirani, piga hesabu: GPON hubeba karibu megabiti 2,488 kwa sekunde kuja kwenu, na hata nyumba 64 zikiwa zote na mpango wa 20 na zote zikivuta kwa pamoja, ni 1,280. Msongamano wa jioni ukiwepo, aghalabu uko mbele zaidi, kwenye njia za kampuni yenyewe, au uko hewani kati yako na majirani.

Tuseme kipimo cha waya kimetoka vizuri, maana sebuleni hulalamiki. Ufanyeje?

Anza na yasiyo na gharama. Kama kisanduku kimejificha nyuma ya runinga, kitoe. Kama waya wa fiba una nafasi ya kukisogeza kuelekea korido, kisogeze na ukiweke juu, kama usawa wa kichwa. Usiuvute wala kuukunja kwa kona kali. Uzi wa kioo ukipinda sana mwanga huvuja, na ukivunjika utalala bila intaneti hadi fundi aje na mashine ya kuunga. Katika nyumba nyingi za ukubwa wako hatua hii peke yake hupunguza malalamiko. Kama fiba ni fupi mno, omba kampuni itume fundi wa kuhamisha. Baadhi hutoza, baadhi hawatozi, uliza kwanza.

Isipotosha, ruta uliyonunua ina kazi, ila si pale ulipoiweka. Hili ndilo ningelifanya nyumbani kwangu. Nunua waya wa mtandao wa aina ya Cat5e au Cat6, wenye urefu wa kutoka sebuleni hadi chumba cha binti. Waya huo hufanya kazi vizuri hadi mita 100, kwa hiyo nyumba yako haitausumbua. Upitishe kwenye pembe ya ukuta ndani ya kijibomba cha plastiki kinachobandikwa. Kama lazima ukuta utobolewe, zungumza kwanza na keretaka au mwenye nyumba, maana vita vya depositi hatuvitaki. Kisha ruta iwekwe chumbani kama kituo cha Wi-Fi tu, isifanye tena kazi ya kugawa.

Ruta nyingi zina chaguo la "Access Point" ndani ya mipangilio. Lichague, iwashe upya, basi. Kama haina, fanya kwa mkono kabla ya kuunganisha waya wa kutoka sebuleni: ingia kwenye mipangilio yake, ibadilishe anwani yake ilingane na mtandao wa kisanduku bila kugongana nacho, kwa mfano 192.168.100.2 ikiwa kisanduku ni 192.168.100.1. Hakikisha pia namba hiyo haiwezi kugawiwa kifaa kingine. Halafu zima DHCP, ile huduma ya kugawa anwani. Mwishowe chomeka waya kwenye mojawapo ya matundu ya LAN (ya vifaa vya ndani), si lile la WAN (la kuingizia intaneti) ambalo kwa kawaida lina rangi yake tofauti. Ukisahau kuzima DHCP utaona vituko: kifaa kimoja kina intaneti, kingine kinasema kimeunganishwa ila hakuna intaneti, kesho wamebadilishana. Ni ruta mbili zinazogawa anwani kwa ushindani, na moja kati yao inawaelekeza watu mahali pasipo na njia.

Ukiipa Wi-Fi ya chumbani jina na nywila sawa na ya sebuleni, simu zitahama zenyewe kati ya moja na nyingine, ingawa simu nyingine hung'ang'ania ile ya mbali hadi uizime na kuiwasha Wi-Fi yake. Kwenye 2.4, kituo kimoja kikiwa chaneli ya 1 kingine kiwe ya 6 au 11. Vifaa vyote sasa viko katika mtandao mmoja, na printa itaonekana kutoka popote nyumbani.

Waya ukishindikana kabisa, kuna ripita, vile vijisanduku vya kuchomeka kwenye soketi. Sivipendi sana, nasema wazi. Kilicho cha bei nafuu hupokea na kurusha kwa redio ileile, kwa hiyo kila neno husemwa mara mbili na kasi hushuka takriban nusu. Tena watu hukiweka chumbani palepale penye mawimbi mabovu, kikawa kinarudia ubovu. Kiweke katikati, koridoni, ambako simu bado inapata kasi nzuri. Seti za meshi, yaani vituo kadhaa vya Wi-Fi vinavyofanya kazi kama kimoja, zenye redio ya pekee ya kuwasiliana zenyewe kwa zenyewe ni bora zaidi lakini bei yake ni nyingine kabisa, na kwa mpango wa Mbps 20 sidhani zinakufaa. Afadhali mita kadhaa za waya.

Wapo watakaokushauri uombe kampuni ikiweke kisanduku chao katika hali ya "bridge", kibaki modemu tu na ruta yako ifanye mengine yote. Inawezekana kwa baadhi ya kampuni, na inawafaa wenye mahitaji maalumu kama kamera za kuangaliwa kutoka mbali. Lakini utalazimika kujua mipangilio ya kuingilia mtandao wao, na siku ikiharibika huduma kwa wateja watakuambia ruta si yao. Kwa shida yako sioni faida.

Onyo moja ninalotaka ulishike: kwenye kisanduku cha kampuni kuna kijitundu kidogo ambacho watu hukidunga kwa sindano ili "kukirudisha upya". Usikiguse. Kwenye baadhi ya visanduku kinafuta mipangilio ambayo kampuni iliweka, na utakaa bila huduma hadi waiweke tena. Kuzima na kuwasha kwenye soketi kunatosha.

Kuhusu stima: splita haitumii umeme, kwa hiyo stima ikipotea mtaani mwenu fiba mara nyingi huwa bado iko hai. Ni kisanduku chako kilichozimika. Kuna UPS ndogo za ruta, yaani betri za kuiwasha stima ikipotea, zinazouzwa mjini. Soma kwanza maandishi ya adapta: visanduku vingi hutaka volti 12, vingine 9, na ukikosea unaweza kukichoma. Kumbuka kwamba sasa utakuwa na vifaa viwili vya kulisha, kimoja sebuleni na kimoja chumbani.

Mwisho, lini uache kuhangaika mwenyewe. Tazama taa ya kisanduku iliyoandikwa LOS. Ikiwaka au kumemeteka nyekundu, mwanga haufiki: waya umekatika au kichwa kimelegea. Usichomoe kichwa cha kijani ukakipangusa kwa shati, na usichungulie ncha yake, mwanga ule hauonekani lakini unaweza kuumiza jicho. Piga simu. Piga pia kama taa ni za kijani lakini vipimo vya waya viko chini siku kadhaa mfululizo. Uwape vitu mahususi: tarehe na saa za vipimo, matokeo, na useme umepima kwa waya kwenye kisanduku chao bila ruta nyingine. Neno hilo la waya litakuepushia lile jibu la "zima, washa, kaa karibu na ruta". Dai namba ya malalamiko na uiandike. Wakikuzungusha bila suluhisho, unaweza kupeleka lalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na hiyo namba ndiyo itakayoonyesha kwamba ulianza kwa kampuni.